Rubani wa Sandusky

"Ndege imevuka mpaka," sauti ya mkuu wake, Kincaid, ilisema sikioni. "Inajiendesha yenyewe juu ya Ziwa Erie. Ila kutua itataka mkono wa mtu. Na mtu huyo yumo humo ndani."

Odessa Brandt alikuwa amebana pumzi.

Chumba kile cha chini ya nyumba kilivunda. Mabawa ya kuku yalikuwa yameota ukungu kwenye zulia. Ukutani zilipangwa chupa za soda zenye kitu cha njano ambacho hakikuwa soda. Jasusi huyu alishawahi kulala kwenye mtaro wa maji machafu akimvizia muuza silaha, na hakutapika. Hapa nusura.

Alivaa ovaroli ya fundi. Bastola yake ya Glock ilikuwa kwenye boksi la bisibisi.

Alikuja kufunga mtambo mpya wa michezo: kiti kwenye fremu ya alumini, usukani, pedali, skrini tatu. Ule wa zamani Kincaid alikuwa ameuunguza kwa hila ya umeme, kisha akainasa oda ya mpya. Kwa mtambo huo mtu wa nyumba hii alivusha unga wa kulevya kutoka Kanada kwa kindege kisicho na rubani. Unga wenyewe ulikuwa umeshazika vijana wa mji huu wa Sandusky.

"Ni yule kijana, Trent Stroud," Kincaid alisema. "Kila kitu kiko kwa jina lake. Tuingie?"

"Subiri," alinong'ona.

Wangekamata mtu siye, rubani angeendelea kuua, na Trent angeozea jela.

Odessa akafanya kazi mbovu makusudi. Skrini akazifunga juu na mbali, kama televisheni ya baa, akakaza boli kwa nguvu zote. Rubani wa kweli hawezi kuvumilia upuuzi huo. Macho yakidanganywa umbali, ndege haitui, inaanguka.

"Jaribu, bosi," akamwita Trent.

Trent, miguu mirefu kama ngazi, akajitupa kitini. Akachagua gari la mashindano, akaligonga ukutani na kucheka, vidole vikipaka usukani mafuta ya kuku.

"Freshi, dada. Usiguse kitu."

Siyo huyu.

Mama yake akashuka na sahani ya biskuti. Lorraine Stroud, mjane nadhifu, mwanakwaya. Akatazama skrini, halafu saa yake. Tabasamu likakatika.

"Fundi, mwanangu, hapo umefunga skrini au umetundika kalenda?"

"Kwa Trent zinatosha, mama."

"Hazitoshi. Zilete karibu na usukani, zishuke usawa wa macho. Na wewe Trent, toka hapo."

Mkono wake ukaenda kwenye wenzo wa chini ya kiti bila kutafuta, ukakivuta mbele, mbele kabisa.

"Sasa Ma, magoti yangu nitayaweka wapi?"

Odessa akafungua boli na kuzifunga upya, kama alivyoagizwa. Kisha akaitoa Glock.

"Kumbe rubani ni wewe."

Lorraine aliitazama bastola. "Mimi? Angalia risiti, binti. Zote za Trent. Nilihakikisha." Akasogeza sahani. "Kula kwanza, zingali moto."

Alisema hayo mbele ya mtoto wake wa kumzaa. Odessa alichefuka kuliko alipoziona zile chupa. Mwanamke gani huyu?

"Mchukueni," Odessa alimwambia Kincaid.

Askari wakashuka, wakamtia pingu na kumpandisha ngazi.

"Odessa, ndege imefika ufukweni," Kincaid alisema. "Watu wanaogelea. Ikianguka, unga wote unawamwagikia."

Odessa akaketi na kushika usukani. Picha ya kamera ikajaa skrini tatu. Watoto majini.

"Kulia. Kuna shamba tupu."

"Naliona."

"Shusha."

"Nashusha."

Nyasi zikapanda, picha ikaruka mara moja, ikatulia.

"Tunayo," Kincaid alisema.

Kiti kilikuwa kimepangwa sawasawa. Hilo nalo lilimkera.

Trent alikuwa bado amesimama pale pale, anatafuna biskuti.

"Mama yako alitaka ufungwe badala yake," Odessa alimwambia. "Umesikia?"

"Nimesikia." Akameza. "Sasa huu mtambo mnaniachia?"

Odessa akachukua bisibisi, akaufungua usukani boli moja moja, akaubana kwapani na kupanda ngazi.