Simu Iliyokaa Mfukoni mwa Olga

Mwaka 2013, nyumbani kwa Mama Pascaline, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kulikuwa na simu moja tu. Ilitunzwa kama yai. Mama alikuwa akingoja kupigiwa na ofisi, aitwe kwenye mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Majirani walimwambia kwamba ukiikosa simu hiyo, basi, safari imekufa.

Shida ilikuwa mtandao. Nyumbani bondeni haukushika. Shuleni, juu ya kilima, ulishika vizuri. Basi kila asubuhi Mama aliitia simu mfukoni mwa binti yake, Olga. Alimwagiza aizime sauti, lakini asikie ikitetemeka. Usimcheke. Alitaka mema, na hakuna aliyewahi kumwonya.

Olga alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kushika masomo. Alitamani kwenda sekondari mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, alikotoka mwalimu wake, Provia. Muhula wa kwanza, kabla ya kubeba simu, alikuwa wa tatu. Muhula wa pili akawa wa thelathini na nane.

Mwalimu Provia akamwita Mama. Akamweleza wazi kwamba Olga akianguka tena mwisho wa mwaka, atarudia darasa la sita. Mama alilia pale pale. Alipoulizwa kuhusu simu ya mfukoni, akaapa kwamba mtoto haichezei. Hapigi, hasikilizi muziki. Iko mfukoni tu.

"Sawa, Mama Pascaline," alisema Provia. "Shika simu yako mkononi. Mimi nasoma vitu kumi ya soko. Wewe unarudisha."

Akasoma polepole: chumvi, sabuni, dagaa, mpaka kumi. Katikati simu ikatetemeka. Mama akaichungulia. Lilikuwa tangazo tu. Alipoulizwa, alikumbuka vitu vitatu. Kisha Provia akaifungia simu kabatini, akasoma vitu vingine kumi. Mama akataja vinane.

"Lakini nilikuwa nakusikia, mwalimu."

"Ulisikia. Hukushika."

Akamfafanulia taratibu. Akili hutunza kile ilichokizingatia. Hata simu isiyolia hula sehemu ya akili, kwa sababu mtu anaingoja. Na mtoto kila anapokatizwa, huchukua muda kurudi kwenye somo. Wakati huo mwalimu ameshafika mbele.

Mama alifikiri kidogo. "Ni kama kusonga bugali," alisema. "Ukiacha mwiko kila mara uende kuangalia mulango, inafanya mabonge."

"Ndiyo hivyo," alisema Provia, akicheka.

Olga alikuwa amesimama karibu. Sasa akasema, "Mama, niliogopa. Kama wangepiga nisisikie, safari ya batu bote ingekufa juu yangu."

Masikini mtoto! Alikuwa amebeba ukoo mzima mfukoni. Mama akamkumbatia, akamwomba msamaha mbele ya mwalimu wake.

Kesho yake simu ilipelekwa Base Camp, penye maduka ya kambi, kwa Asuman, aliyechaji simu za watu. Kwake mtandao ulishika, na alikuwa kibandani kutwa. Akakubali kuipokea ikipigwa na kutuma habari. Olga akabaki na kalamu. Aliandika kwa mkono yale mwalimu aliyofundisha, na jioni alimsimulia Mama huku wakimenya mihogo. Akisahau kitu, alijaribu kwanza kukumbuka, ndipo akafungua daftari. Mwisho wa mwaka akawa wa tano, akapanda darasa la saba.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, Asuman akatuma habari: ofisi imepiga, Mama Pascaline aende mahojiano Jumanne na watoto wote. Mama hakungoja hata kuvaa viatu. Alipanda kilima mbio, mpaka dirishani mwa darasa.

Ndani, Olga alikuwa amesimama. Daftari lake lilikuwa limefungwa. Alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi damu inavyozunguka mwilini, bila kukwama, na darasa zima lilimsikiliza.

Mama alikuwa ameshainua mkono agonge. Akaushusha. Akakaa majanini chini ya dirisha, akipangusa machozi ya furaha. Akangoja kengele.