Kiti Kisicho na Mwenyewe

Kiti kilikuwa cha moto.

Mama Masjala alinyanyuka kama aliyekalia sindano, akakigeukia na kukipapasa kwa kiganja. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa muda mrefu akaondoka sasa hivi. Lakini mtu gani? Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, mlinzi amefungua kufuli mbele ya macho yake, na ukumbi mzima ulikuwa mtupu mpaka ukuta wa mwisho. Palikuwa na harufu pia, harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, tena humo ndani ambamo madirisha hayafunguki. Alijiambia ni uzee huo, akahamia kiti cha pili.

Mwanamke wa miaka hamsini na nne alikuwa akiamka alfajiri kugombea kiti, utadhani mtoto wa shule. Hayo ndiyo yaliyoitwa maendeleo.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya wapima ardhi. Iliishi kwa kuwaambia watu mpaka wao unaishia wapi, nani abaki huku na nani abaki kule. Wazee walioianzisha waliijenga ofisi kwa akili hiyohiyo: vyumba, milango, na kila mtu na mlango wake. Halafu akaja Mkurugenzi mpya, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Uwazi kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kulitaja neno hilo. Alikwenda semina ya siku nne, akarudi na begi la bure na akili ya bure. Mwezi haukuisha, kuta zikavunjwa. Wapima mipaka wakabaki bila mpaka hata mmoja, wanasikilizana wakitafuna. Yeye mwenyewe alibaki na chumba, ila cha kioo, kwa hiyo eti hakihesabiki.

Siku ya kuzindua huo ukumbi alipanda juu ya boksi la karatasi, akanyoosha mikono.

"Kuanzia leo," alisema, "hapa hakuna kiti chenye mwenyewe! Anayewahi ndiye anayekaa!"

Wakapiga makofi, maana anayelipa mshahara hachekwi akiwa anatazama.

Mama Masjala hakupiga. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza masjala, chumba cha majalada nyuma kabisa, na sasa majalada yake yalikuwa yamefungiwa kwenye maboksi chini ya ngazi. Lakini si hayo yaliyomnyima usingizi. Nyuma ya rafu ya mwisho kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Mzee aliyemkabidhi funguo alimwonya, "Mwanangu, humu vyote ni vyako, ila hicho. Usikikalie, usikisogeze. Na ukifika asubuhi, usiingie bila hodi." Alicheka siku ile, lakini hodi aliipiga, kila asubuhi, na hakuna siku ambayo jalada lilipotea.

Wavunjaji walipofika, alimwambia Msanifu, kijana wa suruali fupi inayoacha vifundo vya miguu vikipunga upepo.

"Baba, hicho kigoda kiacheni palepale."

Msanifu alikitazama kama anayetazama panya aliyekufa. "Mama, hakiendani na rangi."

Kikatupwa kwenye lori la vifusi.

Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa Mchora Ramani, mtu wa maneno mengi, ambaye kazi ya saa moja alikuwa akiifanya kwa siku mbili na hadithi tatu. Jumatatu ya kwanza baada ya uzinduzi alikaa saa mbili asubuhi, mgongo wima, na hakuinuka tena. Hakwenda chai. Hakwenda chooni. Kalamu yake ilikwenda tu, krr, krr, bila kupumzika. Saa sita Mama Masjala alimpitia, na ile harufu ya kisima ikampiga puani.

"Ndugu yangu, hata maji?"

Mabega ya Mchora Ramani hayakusogea. Kichwa peke yake ndicho kilichogeuka, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayesemea ndani ya tangi tupu.

"Hamkupiga hodi."

Saa kumi na moja jioni alilegea, akapikicha macho, akaanza kumwomba radhi jirani yake kwa kuchelewa. Alidhani ndiyo kwanza anafika. Mezani aliacha ramani safi ambayo hakuna aliyemwagiza: ofisi kama ilivyokuwa kabla ya kuvunjwa, kila chumba na mlango wake, na kwenye chumba cha nyuma kabisa duara dogo lenye nukta tatu.

Bwana Uwazi aliibandika ukutani. "Mnaona? Saa tisa bila kuinua kichwa! Huo ndio umakini ninaousema!"

Jini limempanda mtu mchana kweupe, na mkubwa wa kazi anampa cheti. Ndivyo alivyokuwa. Ungemletea maiti iliyokaa wima, angeisifu kwa kutopoteza muda.

Kesho yake ikawa zamu ya mwingine, kesho kutwa mwingine. Watu wakaanza kunong'ona kwenye ngazi, mikono midomoni.

"Wewe ulisikia magurudumu?" aliuliza mwanamke wa mapokezi.

"Magurudumu gani?"

"Ya kiti. Kinatembea nyuma yako taratibu, ukigeuka wote wamekaa. Halafu kinasimama nyuma ya mtu mmoja."

"Nyamaza, bwana. Utatuitia."

Hakuna aliyethubutu kwenda chumba cha kioo. Wanaume wenye ndevu zao walikuwa wakishindana kukohoa ili mwenzao aseme kwanza.

Mama Masjala naye alinyamaza, lakini yeye alikuwa na sababu ya kutetemeka kuliko wote. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameajiriwa hapo miezi mitatu nyuma, karani wa barua. Alimtafutia nafasi hiyo mwenyewe, kwa kuomba na kunyenyekea.

"Mwanangu," alimwambia wakivaa viatu, "ukikuta kiti cha moto, usikikalie."

"Mama jamani, ni sponji. Sponji inashika joto."

"Nimesema usikikalie!"

"Sawa, mama. Sawa."

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, jua limejaa madirishani na hakuna mtu anayefikiria mabaya, ndipo Mama Masjala alipoyasikia magurudumu, yakija polepole kutoka pale ilipokuwa masjala, yakipita nyuma ya Mchora Ramani, yakipita nyuma ya mwanamke wa mapokezi ambaye aliinamisha shingo kama kuku aliyeona mwewe, na kila alipogeuka aliona vichwa tu vimeinama na viti tu vimetulia, lakini sauti ilikuwa inasogea, na harufu ilikuwa inasogea nayo, na alipoelewa inakoelekea aliinuka akajaribu kuita jina la mwanawe, ulimi ukamganda, na magurudumu yakanyamaza nyuma ya kiti cha binti, na mgongo wa binti, mgongo aliokuwa akiukemea tangu utotoni usipinde, ukanyooka polepole mpaka ukawa wima kama rula.

Saa kumi na moja ilipogonga, watu wote walimtazama wakingoja alegee. Binti alisimama. Aliitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku, kama mtu anayejaribu nguo dukani.

"Hiki kinanitosha," ilisema ile sauti.

Na jini halikutoka.

Nyumbani binti alikaa sebuleni, macho wazi, hapepesi. Hakula, hakunywa. Kufikia Jumatano midomo ilikuwa imepasuka na ngozi ya mikono imekuwa kavu kama karatasi ya jalada kuukuu. Mama Masjala alimwita mganga. Hakuwa mtu wa mbwembwe: mwanamume mfupi mwenye miwani ya kusomea, fundi cherehani, uzi bado umemning'inia begani. Alimnusa binti, akauliza maswali mawili matatu, akasikia habari za kigoda na za tangazo la viti, akajishika kiuno.

"Nani aliyetamka maneno hayo?"

"Mkurugenzi wetu."

"Mjinga mkubwa," alisema mganga bila hasira. "Dada yangu, katika kazi yetu, mtu anayepandwa na jini tunamwita kiti. Jini lenu lilikuwa na makazi, mkayatupa vifusini. Likasimama nje, halina pa kukaa, mara linasikia mkubwa wa nyumba anatangaza kwamba viti havina wenyewe, anayewahi akae. Nyinyi mlikuwa mnazungumzia samani. Lenyewe lilisikia linakaribishwa."

"Mtoe basi! Mtoe mwanangu!"

"Kwa nguvu siwezi, limekaribishwa. Litahama likipewa kiti kingine kwa hiari, palepale lilipoalikwa. Cha kupewa litakitunza, hiki lilichowahi lenyewe litakikausha upesi. Na iwe kesho. Siku ya nne hutakuwa na mtoto wa kumwokoa."

Alhamisi saa saba mchana walimwingiza binti ukumbini, mama amemshika mkono mmoja na mganga mwingine. Alitembea bila kukunja magoti. Kalamu zilisimama, simu zikaachwa zilie. Bwana Uwazi alitoka kwenye kioo chake akiitazama saa.

"Nini hii tena? Nina wageni saa nane!"

"Mkubwa, dakika moja," alisema mganga. "Ni wewe uliyetangaza kwamba hapa viti havina wenyewe?"

"Ni mimi." Alivuta koti. "Ni sera."

Binti akafungua mdomo. Midomo haikucheza, lakini sauti ilijaa ukumbi mzima mpaka vioo vikatetemeka.

"Nilikuwa na kigoda. Nilikuwa na mlango, na kila asubuhi nilipigiwa hodi. Mmenianika juani. Mnanikalisha leo huku, kesho kule. Nataka kiti changu mwenyewe. Nipeni kimoja, nitulie."

Watu walirudi nyuma hadi ukutani. Bwana Uwazi alicheka, akawaangalia wafanyakazi mmoja mmoja apate wa kucheka naye.

"Mwenye kiti ni nani hapa?" aliuliza mganga.

"Mwenyekiti yuko safarini," alijibu Bwana Uwazi. "Mimi ni Mkurugenzi."

"Basi wewe unatoa kiti gani?"

"Lo! Kwani shida yote hii ni kiti?" Alielekeza kidole chumbani kwake, kwenye kiti cha ngozi nyeusi inayong'aa. "Mpeni changu! Ndicho kizuri kuliko vyote. Akae, anyamaze, wageni wangu waingie."

Mganga alivua miwani. Hakumtazama Bwana Uwazi, alimtazama Mama Masjala, akamtazama sawasawa.

"Masikio yangu mazito, mkubwa. Hebu rudia."

Mama Masjala alielewa. Alijua mganga anamwachia nafasi. Maneno matatu yangetosha: anamaanisha samani, mzee. Alihisi yamefika kwenye meno. Kisha akaitazama midomo ya mwanawe iliyopasuka, akaona damu imekauka kwenye pembe, akayameza maneno yake yote na wala hakuona haya.

"Nimesema changu!" Bwana Uwazi alinyoosha mikono kama siku ile ya boksi. "Kiti changu nimekitoa, kwa hiari yangu, na nyote ni mashahidi!"

Viti vyote ukumbini vikabingirika kwa pamoja, shubiri moja tu, vikasimama. Binti akaanguka mikononi mwa mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kama uzi. "Kiu."

Bwana Uwazi alishusha mikono. Aliigeuza huku na huku, akaitazama. Akaunyoosha mgongo. Halafu akatembea mpaka kwenye mlango wake wa kioo, akaugonga mara tatu akasema hodi, akaingia, akakaa. Wageni wa saa nane walisema baadaye kwamba hawajawahi kukutana na kiongozi anayesikiliza namna ile.

Kuta zilirudishwa ndani ya wiki tatu. Msanifu alipokuja kulalamika aliingizwa chumba cha kioo, akatoka amejikojolea hiyo suruali yake fupi, na hakuonekana tena. Kila mtu akapata mlango. Wafanyakazi walijua vizuri sana nini kimekaa kwenye ile ngozi nyeusi. Walijua wote, na hakuna hata mmoja aliyesema tumwite mganga. Walimwamkia asubuhi, wakamwitikia jioni, wakasema siku hizi Mkurugenzi ana adabu. Binti alipona, akatafuta kazi kwingine, na Mama Masjala akarudi kwenye majalada yake akilala usiku kucha kama mtoto.

Mpaka asubuhi moja alipogongewa mlango. Alikuwa mke wa Mkurugenzi, mwanamke mnene aliyevaa vizuri, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Mama Masjala aliinuka mezani. Amejua, aliwaza. Amekuja kumdai mume wake.

"Dada," mgeni alinong'ona akifunga mlango nyuma yake, "nimeambiwa wewe ulikuwepo. Nimeambiwa unamjua mganga."

"Karibu ukae, mama."

"Sikai. Yule aliye nyumbani kwangu si mume wangu. Halali. Usiku anakaa kitandani mgongo wima, ananiangalia mpaka kunakucha, hapepesi macho. Ngozi inamkauka. Ananuka kisima." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini ananiangalia, dada. Nikisema neno, analisikia. Watoto wakimwita, anageuka. Miaka kumi na tisa nimeishi na yule mwingine, hakuwahi kugeuka."

Mama Masjala aliliweka chini jalada alilokuwa ameshika.

Yule mwanamke alimshika mikono yote miwili, akaikaza.

"Mama mkwe wangu ameanza kushtuka, anatafuta mganga," alisema. "Nimekuja kuwaomba, tafadhali, msikubali atolewe."