Mgeni wa Mnara Uliochomwa

Magharibi ilimkuta Gulbaz bado anamtafuta mbuzi wake. Mnyama mkaidi yule, kati ya majabali yote ya bonde, aliona akimbilie kwenye mnara uliochomwa, mahali ambapo hata wachungaji hupita wakisoma dua.

Mnara ulikuwa wa babu yake, Mirdil. Aliyeutia moto ni Bwana Thornby, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Alikijua Kipashto, lugha ya bonde hilo, kumshinda mullah. Alikaa kwenye mkeka wa Mirdil, akala mkate wake, akalala kwake. Asubuhi akamnyonga kwa kamba. Thornby amezikwa zamani kando ya barabara, lakini jina lake bado hunyamazisha watoto wanaolia.

Gulbaz hakumwona mbuzi. Aliona mtu.

Amesimama gizani, amejitanda shali hadi puani. Ananuka kafuri...

"Ndugu," alinong'ona, "wananifuata. Nipe hifadhi."

Basi, hapo maneno yameisha. Hata adui akiomba hifadhi hupewa, na mgeni haulizwi jina kabla hajala. Ukimuuliza, aibu hiyo utazikwa nayo.

"Usichoke, ndugu yangu," alimsalimu Gulbaz kwa desturi ya bonde. "Twende. Nyumba yangu ni yako."

Nyumbani mgeni alimega mkate, akachovya chumvi, akala. Moto ukanywea wenyewe. Gulbaz akahisi baridi ikimpanda mgongoni.

"Mungu awazidishie," mgeni alisema.

Nyuma ya pazia, kikombe kilimponyoka Bibi Spogmai, mama yake Gulbaz. Mwanawe akamwendea.

"Mwanangu... sauti hiyo. Nilikuwa msichana. Ndiyo iliyomshukuru baba yangu kwa mkate."

"Mama, umeshaanza! Thornby alikufa mimi sijazaliwa."

"Kwani mimi nimetaja jina?"

Ngo. Ngo. Ngo.

Harufu ya kamba iliyolowa ikapenya chini ya mlango.

"Gulbaz." Sauti ilikwaruza, ya mtu aliyebanwa koo. "Mimi Mirdil. Mtoe huyo."

"Baba!" Bibi Spogmai akaangua kilio.

Gulbaz aliogopa, tena aliogopa sana. Damu yake ilikuwa nje, heshima yake ilikuwa ndani. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu hata usiku mmoja hajaumaliza, atamtoaje? Akachukua bunduki, akasimama mlangoni, akampa mgeni mgongo.

"Nisamehe, babu. Kama umekuja kulipa kisasi, anza na mimi. Huyu amekula mkate wangu."

"Kisasi?" Sauti ilijaa huzuni. "Mjukuu wangu, nimekuja kukuokoa wewe. Hata mimi nilisimama mlangoni hivyo hivyo, usiku kucha, nikimlinda."

Nyayo zikaondoka taratibu, zikapotea kwenye mawe.

Gulbaz alitaka kugeuka. Shingo ilikataa.

Nyuma yake kitanda kililia... kri... kri... Kilikuwa kitanda cha kamba, alichokisuka mwenyewe. Mtu alikuwa akizifungua kamba zake, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Mama?" alinong'ona.

Mama hakujibu.

Harufu ya kafuri ikasogea hadi sikioni.

"Pumzika, ndugu yangu," mgeni alimwambia kwa upole. "Tutaonana asubuhi."