Kwa Nini Susu Haumwi?

Nyumbani kwa Mutunga mchongaji, hapa Shauri Moyo, mtoto hakutakiwa kuuliza maswali wakati wa kula. Clare, binti yao wa gredi ya nne, alikuwa na ulimi mwepesi. Aliuliza kwa nini mwezi hauanguki. Aliuliza kwa nini nyanya yake hana meno na kuku pia hana, lakini kuku anakula mahindi. Nthoki, mama yake, alikuwa na jibu moja kwa yote: "Kula. Maswali mengi ya nini?"

Mimi ni jirani yao. Ninauza chai na mandazi pale kwenye kona, na ukuta wangu mmoja ndio ukuta wao, kwa hiyo haya sikuyasikia redioni. Nitakwambia mapema pia kwamba hadithi hii ina kaburi ndani yake. Kama unatafuta ya kuchekesha, si hii.

Mutunga ni Mkamba wa Makueni. Ana kibanda chake kule Gikomba, anachonga vigoda, fremu za picha na wanyama wa mbao. Ni fundi kwelikweli. Ukimpa kipande cha mti atakigonga kwa ukucha, atakinusa, kisha atakutajia jina la mti huo. Ndiyo maana hakuwahi kumuuliza mtu neno lolote kuhusu mbao. Kwa wachongaji wa pale, fundi anayeuliza habari za mti huchekwa mpaka jua litue.

Tena wana desturi yao. Vipande vinavyobaki baada ya kuchonga ni haki ya mke wa fundi. Kila jioni Mutunga alirudi na mfuko wa vipande, na Nthoki akavipikia.

Mwanzo wa mwaka mbao nzuri ziliadimika. Muuzaji mmoja, Mugo, akaanza kuleta mbao zilizopasuliwa kutoka kwenye nguzo kuukuu za stima. Mutunga alizigonga, akazinusa, akasema ni mkaratusi. Hapo hakukosea. Kilichompendeza zaidi ni kwamba zilikuwa hazina tundu hata moja. Alipita kwangu kunywa chai akajisifu, "Mama, mbao hizi hata mchwa hawazigusi." Na mimi nikamwambia hongera, nikamwongezea tangawizi.

Mwezi wa tatu mama yake Mutunga alikuja kutoka Makueni na gunia la mahindi na gunia la maharagwe. Jina lake ni Ndete, lakini mtaa mzima ulimwita Susu, kwa sababu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Susu alimkumbusha Nthoki jambo ambalo Wakamba wamelifanya tangu enzi za kale: ukitaka maharagwe yasiliwe na wadudu, yachanganye na majivu. Ni desturi nzuri. Hata mama yangu aliifanya. Nthoki akachota majivu ya jiko lake, akayachekecha, akayachanganya na gunia zima. Siku ya kupika isyo, ambayo wengine tunaiita githeri, aliyaosha maharagwe mara moja tu. Maji ya mtaa huu huja yakitaka.

Basi ugonjwa ukaingia. Clare alianza kutapika na kuhara. Ugonjwa ukaacha, ukarudi. Baadaye akasema nyayo zinamwaka moto, na viganja vyake vikaota vidutu vigumu. Nthoki mwenyewe nywele zilikuwa zinabaki kwenye chanuo. Wathome, kitinda mimba wao, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kula maharagwe ya kupondwa. Yule mtoto alikuwa na mashavu ya kubanwa na kila mpita njia. Yale mashavu yaliisha.

Nthoki alikwenda kliniki mara nyingi, na mara nyingine nilimsindikiza. Aliulizwa, ana homa? Akasema ndiyo. Anahara? Ndiyo. Una swali, mama? Hapana, daktari. Nje aliniambia kwamba kumhoji daktari ni kama kumwambia hajui kazi yake. Akapewa dawa ya taifodi. Alipewa na ya amiba. Swali moja tu alithubutu kuuliza: "Atapona?" Akajibiwa atapona. Lakini ndugu yangu, hilo si swali. Hilo ni ombi.

Clare akazidiwa, akalazwa hospitali. Huko alikula, akaamka, akaanza hata kuwasumbua wagonjwa wenzake kwa maswali. Tukamshukuru Mungu. Alirudi nyumbani, na haukupita muda akaanguka tena.

Wathome alikufa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, akiwa mgongoni mwa mama yake kwenye foleni ya kliniki. Nthoki hakujua. Alikuwa anamtikisatikisa na kumwimbia. Muuguzi alipomwambia amshushe mtoto, ndipo sote tulipoona. Nilikuwa nimesimama karibu yake, na sauti aliyoitoa siku ile bado ninaisikia nikichochea moto wangu.

Walimzika Makueni. Walirudi, na Clare akaendelea kukonda. Hapo mtaa ukaanza kuuliza, na ulipoanza, uliuliza vibaya. Ugonjwa uliingia lini? Mwezi wa tatu. Nani alikuja mwezi wa tatu? Susu. Katika nyumba ile nani haumwi? Susu. Mzee vile, hana jino kinywani, na wajukuu wanakwisha mbele yake, kwa nini yeye haumwi? Hawakungoja kujibiwa. Jibu walikuwa nalo tayari, na unalijua ni lipi.

Maneno yalimfikia Mutunga kule kibandani. Akayakataa, kisha akayafikiria, kisha siku moja akamwambia mama yake kwamba Jumamosi atampandisha basi arudi Makueni. Susu hakulia. Alifunga nguo zake ndani ya leso, akaketi mlangoni juu ya furushi lake. Alimuuliza mwanawe jambo moja tu.

"Nikienda na mtoto asipone, utamfukuza nani tena?"

Mutunga alitoka bila kumjibu.

Kesho yake akaja Aluoch. Huyu ni mhudumu wa afya ya jamii, mama wa Kijaluo anayeishi Huruma, na sisi humwita Mama Sylvance kwa jina la kifungua mimba wake. Hutembelea nyumba za mitaa yetu. Alikuwa amesikia kwamba Clare ameanguka tena. Nthoki aliniita niingie naye, maana hakuwa na nguvu ya kuongea peke yake.

Aluoch aliketi, akavishika viganja vya Clare, akavitazama kwa muda. Nthoki akamwita daktari. Akakataa.

"Mimi si daktari, Mama Clare, na sijui mtoto ana nini. Nimekuja kuuliza. Mkichoka na maswali yangu mniambie."

Akaanza pole pole. Alitaka kujua ugonjwa ulianza lini na nyumbani kulikuwa na kitu gani kipya wakati huo. Aliuliza ni wapi Clare aliwahi kupata nafuu. Nthoki akasema hospitali. Huko alikula chakula cha nani? Cha hospitali, walikataa cha kutoka nje. Na siku aliporudi, alikula nini? Nthoki alisema alimpikia isyo, kwa sababu anaipenda.

Kisha Aluoch akauliza nani haumwi katika nyumba hii.

Mutunga alinyoosha kidole mlangoni bila kumtazama mama yake. Nikajua sasa litasemwa lile lile la mtaani, na nikakasirika. Lakini Aluoch hakuishia hapo kama wenzangu walivyoishia.

"Yeye anakula nini ambacho nyinyi hamli? Au nyinyi mnakula nini ambacho yeye hali?"

Nthoki alishangaa. Susu? Susu hana meno. Anakunywa uji na chai, anachovya mkate. Isyo hawezi kutafuna, hata mchuzi wake hautaki.

Aluoch alimgeukia Mutunga. Mchana yeye hula Gikomba na wenzake. Je, anaumwa? Mutunga alikohoa, akakiri kwamba miguu ilikuwa inakufa ganzi tangu msimu wa mvua. Nthoki akamgeukia. Mume wake, kitanda kimoja, na hakuwahi kumwambia. Wala yeye hakuwahi kumuuliza.

Maswali yakafuatana, mafupi, na kila moja lilishika mkia wa lililotangulia. Isyo ina nini? Mahindi, maharagwe na chumvi. Maharagwe mnayatunza vipi? Kwa majivu. Majivu ya wapi? Ya jiko letu. Jikoni mnachoma nini?

Nthoki alitoa kipande kwenye mfuko, akampa. Aluoch alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na ukijani kwa mbali. Akamuuliza Mutunga huu ni mti gani, na Mutunga, hata katika huzuni ile, akajibu kwa fahari ya ufundi wake.

"Mkaratusi. Ni nguzo za zamani za stima. Mti imara. Hata mchwa hawaugusi."

"Kwa nini hawaugusi?"

Nilimwona akitafuta jibu kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

"Hutiwa dawa," alisema. "Zamani, kabla hazijasimamishwa. Dawa ya kuua mchwa."

"Mti ukiungua, hiyo dawa inakwenda wapi?"

Mutunga alitazama jiko, akatazama gunia la maharagwe pale pembeni, akamtazama mama yake aliyeketi juu ya furushi. Akakaa chini sakafuni.

Nthoki akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpondea mimi. Wathome. Kwa mkono wangu, kwa kijiko changu." Nikamshika.

Aluoch alimwacha alie. Kisha akasema kwamba bado hajui kwa hakika, na kwamba hospitali ndiyo yenye vipimo. "Lakini sasa tuna swali la kuwapelekea. Jana hatukuwa nalo." Alifunga majivu na kile kipande cha mti ndani ya karatasi ya nailoni, akanawa mikono vizuri. Akasema vipande hivyo visichomwe tena popote. Maharagwe yale wasiyale, wasiyagawe kwa watu, wala wasiwape kuku. Na sufuria zisisuguliwe kwa majivu yale.

Akamfundisha Nthoki namna ya kusema. Aache kuuliza kama atapona. Aseme: tumekula majivu ya mbao zilizotiwa dawa, na kila anayeyala anaumwa. Je, inaweza kuwa sumu? Kuna kipimo gani cha kuonyesha? Na akiambiwa neno asilolielewa, aseme sijaelewa, nieleze tena. Nthoki alirudiarudia maneno hayo njia nzima, kama mtoto anayekwenda kutahiniwa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo. Alisema laiti wangemwambia mapema. Mkojo ukapimwa, wa Clare na wa wazazi wake, na majivu yakapelekwa maabara. Ilikuwa sumu inayoitwa aseniki. Huwekwa kwenye nguzo ili zisioze na zisiliwe na mchwa. Mti ukichomwa, sumu haiungui ikaisha. Nyingine hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu.

Mutunga alipotoka hospitali hakurudi nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Mugo, akasimama mbele ya wachongaji wenzake, akauliza kwa sauti, "Mbao hizi zilikuwa na kazi gani kabla ya kufika hapa?" Walicheka. Fundi mzima anauliza habari za mti. Akawaeleza habari za Wathome, na hakuna aliyecheka tena. Mugo alisema hata yeye hakuwahi kuuliza huko anakozinunua. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akamuuliza jioni ile alikuwa anapikia kuni gani.

Jumamosi hakuna aliyepanda basi. Mutunga alipiga magoti mbele ya mama yake akaomba msamaha. Susu hakuwa na haraka ya kusamehe.

"Lile swali langu hukulijibu," alimwambia.

"Ningemfukuza nani tena, mama?" Mutunga aliinamisha kichwa. "Pengine Nthoki."

Susu akafungua leso, akazirudisha nguo zake kwenye sanduku.

Miezi imepita. Clare amerudi shuleni. Nyayo zinamwaka siku moja moja, na daktari amesema zitachukua muda. Nthoki anapikia makaa anayoyajua yametoka wapi. Mutunga ameanza kumuuliza mke wake kila jioni, mwili unasemaje leo? Naye humjibu, kisha humrudishia swali lile lile.

Juzi nilikula kwao. Nthoki alipakua maharagwe mapya. Clare hakugusa chakula. Aliuliza yametoka wapi, na mama yake akamwambia. Akauliza yametunzwa kwa kitu gani, akaambiwa hayajatiwa kitu. Akala kidogo, kisha akaweka kijiko chini.

"Mama, kama mngeuliza mapema, Wathome angekuwa hapa?"

Sote tuliacha kutafuna. Nilimtazama Nthoki, nikakumbuka jibu lake la siku zote.

Nthoki alimshika mkono. "Nadhani angekuwepo," alisema. "Uliza lingine."