Bahasha ya Manowari Iliyozama

Niliacha shule darasa la sita, na mtaani kwetu hajazaliwa wa kunishinda mdomo. Kwa hiyo mkiona nasitasita hapa, jueni kuna jambo.

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne nyingine. Mjomba wangu, fundi saa, alikuwa dukani akipangusa albamu zake. Wenzake walikusanya marafiki. Yeye alikusanya bahasha zilizogongwa mihuri ndani ya manowari. Anaandika anwani yake mwenyewe juu ya bahasha, anatia kadi tupu ndani isije ikakunjika, anaifunga, anaituma kwa karani wa posta wa meli. Karani anagonga muhuri, anairudisha. Haifunguliwi kamwe.

"Mjomba, miaka thelathini unajiandikia barua, na hujajijibu hata moja!"

"Nyamaza, bwege wewe. Kadi lazima iwe tupu."

Albamuni lilibaki pengo moja tu: la manowari iliyozama na watu wake wote kabla mama yangu hajazaliwa. Mimi na ujuaji wangu, nikachukua bahasha aliyokwisha kuiandikia anwani, nikaituma kwa karani wa manowari hiyo. Nilitaka irudi na alama ya "haijulikani" nimcheke mbele ya wateja. Na kadi sikuiacha tupu. Niliandika: *Mna nafasi? Mchukueni fundi saa huyu, ametuchosha.*

Siku ya tisa, saa sita mchana, mleta barua akaingia.

"Mzee, hii yako imelowa. Ajabu, begi langu kavu."

Muhuri ulikuwa duara safi, jina la manowari ile likisomeka lote. Tarehe: ya jana. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Mjomba aliiinua bahasha dirishani, mwanga ukapenya, maandishi ya kadi yakaonekana. Aliujua mwandiko wangu. Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, wa wino mweusi, umenyooka kama wa karani.

*Nafasi ipo.*

"Umeandika nini, mpwa wangu?" alinong'ona.

"Utani tu, mjomba."

"Wao watajuaje kuwa ni utani?"

Aliiweka bahasha mezani, karibu na saa aliyokuwa akiitengeneza. Nikaitazama saa ile. Chini ya kioo chake, maji yalikuwa yakipanda.

"Kamwite mama yako. Kimbia."

Nyumba ya tatu tu. Nilikimbia. Tuliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tukaita. Tukauvunja.

Miwani yake ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri. Kiti kilikuwa kinachuruzika maji. Mama aligusa maji yale, akalamba kidole.

"Chumvi," akasema. Ndilo neno la mwisho aliloniambia mama yangu. Mwezi wa nne huu hanisemeshi.

Juzi mleta barua alinipa bahasha. Imelowa. Muhuri ni ule ule. Anwani ni yangu, kwa mwandiko wa mjomba, na ile *a* yake yenye mkia. Sijaifungua, adabu nimeipata. Niliiinua tu dirishani.

Kadi ilikuwa tupu. Nililia kama mtoto, mimi huyu. Nikajua mjomba amenisamehe. Kaitia mwenyewe, kaiacha tupu, kama anavyotaka iwe.

Leo asubuhi nimeiinua tena. Kuna neno moja, la wino mweusi, limenyooka, bado bichi.

*Nafasi.*

Nasubiri la pili.