Kunguni wa Bweni la Tatu

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba mimi, Kiranja wa Afya wa bweni la tatu, nimewashinda kunguni kabisa na milele.

Tangazo hilo nililisoma mwanzoni mwa muhula, kwa sauti nzito, nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Kunguni hawakulisikia. Usiku uleule waliniuma shingoni.

Kufikia katikati ya muhula bweni zima lilikuwa hoi. Kengele ya asubuhi ilitukuta kama watu waliobeba magunia usiku kucha. Tulisinzia mstarini, tulisinzia juu ya vikombe vya chai, na mwenzetu mmoja aliweza kusinzia huku akijikuna, kazi ambayo si rahisi.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa jirani yangu wa kitanda, tuliyemwita Shemasi kwa sababu baba yake ni mhubiri na yeye mwenyewe huombea hata mtihani wa hesabu. Tangu utotoni Shemasi alitaka kuwa daktari. Lakini tulipofika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, baba yake alimwambia kwamba anayekubali mambo hayo ameitupa Biblia. Kwenye jaribio Shemasi aliacha ukurasa mzima mweupe. Nami, kwa huruma yangu ya kawaida, nikawa namfikishia kila asubuhi salamu za babu yake sokwe.

Hakucheka. Aliniambia amechoka kuvutwa huku na huku. Jumatatu majina ya watahiniwa yangepelekwa baraza la mitihani, na yeye angeomba la kwake liondolewe kwenye biolojia. Bila biolojia, udaktari kwaheri.

Biolojia tulifundishwa na mchungaji wa shule, kwa kuwa mwalimu mwenyewe alihamishwa na hakuletwa mwingine. Kila Jumapili alituhubiria akiwa na koti lilelile lenye vumbi la chaki. Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo aliingia bwenini macho mekundu, maana nyumba yake imepakana na bweni letu, na kunguni hawajui cheo. Aliagiza tutoe magodoro juani, kisha akaketi kwenye chaga za kitanda cha Shemasi na kushusha pumzi kama mtu anayetua mzigo.

Alimuuliza Shemasi kwa nini dawa iliyowaua kunguni miaka yote haiwaui tena. Shemasi alifikiri kidogo. Alisema huenda wachache walizaliwa na usugu kidogo. Dawa iliwaua wenzao, wao wakabaki, wakazaa watoto sugu kama wao. Katika hao, waliozidi usugu wakabaki tena, wakazaa tena.

"Basi hilo ndilo uliloliacha tupu kwenye jaribio," mchungaji alisema.

Shemasi akasema, "Lakini Mchungaji, bado ni kunguni."

"Bado ni kunguni. Miaka michache ni mifupi mno. Wanasayansi wanasema mabadiliko madogo kama haya, yakipewa mamilioni ya miaka, hujikusanya yakawa makubwa, na wana mifupa iliyogeuka mawe ya kutuonyesha. Mimi naona wanasema kweli."

"Na Kitabu cha Mwanzo?"

Mchungaji alifikicha macho. "Nakisoma, mwanangu. Kinaniambia nani aliumba, na kwamba aliona ni vyema. Hakiniambii alitumia muda gani kwa saa yangu mimi, wala namna ya kuua kunguni. Yapo maswali juu ya Adamu ambayo hata mimi sijayamaliza, nayapeleka kwenye maombi. Lakini sijawahi kuona kwamba Mungu atakasirika nikiitazama kazi yake."

Shemasi aliuliza atamwambia nini baba yake. Mchungaji alimjibu kwamba asimdharau, kwani Wakristo wengi wanaamini kama yeye na ni watu wa Mungu. Mchungaji mwenyewe angempigia baba simu wazungumze, watu wazima wawili. Shemasi aliitazama mikono yake iliyojaa mapele, halafu akasema jina lake libaki.

Hapa ndipo ningependa hadithi iishe.

Bahati mbaya mchungaji alikuwa na swali moja zaidi. Kipimo kilichoelekezwa kwenye kopo, alisema, huwaua hata wenye usugu kidogo. Walipataje nafasi ya kubaki, tena muhula baada ya muhula? Nani huchanganya dawa?

Bweni zima lilinigeukia. Shemasi, kwa wema wake, alitazama dari.

Mchungaji aliinama, akavuta makopo yaliyokuwa chini ya kitanda changu, ambayo yalipaswa kuwa matupu. Alitikisa moja. Dawa ilisukasuka ndani, kopo likiwa karibu kujaa. Kipimo kamili kina harufu kali, na bweni hulazimika kukaa tupu kutwa nzima. Kipimo changu kiliniruhusu kurudi kulala saa sita mchana.

"Ulitafuta usingizi," alisema, bila hasira, kwa uchovu tu. "Ukatufugia walio sugu. Kazi ya nusunusu haimalizi tatizo, inaondoa lile jepesi na kutuachia lile gumu. Nimekuja na dawa ya aina nyingine. Leo utaipuliza wewe, kwa kipimo, mimi nikiwa nimesimama hapa."

Nilifungua mdomo ili nimsingizie sokwe. Badala yake nililipokea lile kopo.

"Ni mimi, Mchungaji," nilisema. "Robo kifuniko, kila muhula. Na muhula huu nilitangaza ushindi kabla hata sijapuliza."