Alama za Mgongoni mwa Silima

Sogeeni karibu, wenzangu wa mitaa yote, wenye watoto na wanaotarajia kuwa nao, niwaeleze yaliyomfika Bi Mize wa Mwembetanga. Yaliyomfika yeye yanaweza kumfika kila mwenye kumpenda mwanawe akasahau kuuliza.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, siku za mwanzo za Shaabani, alasiri iliyotulia. Bi Mize alikuwa ameketi uani kwake, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, akisokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi baina ya viganja vyake kama alivyofundishwa na mama yake huko Paje alikozaliwa. Kamba zake zilikuwa na sifa. Alizisokota zikakaza, na mwisho wa kila moja akafunga uzi mwekundu wa kanga kuukuu ili mwenye duka wa Darajani asizichanganye na za wengine. Zikishafika dukani, zendako tena yeye hakujua wala hakuuliza.

Mwanawe Silima, kijana wa miaka ishirini na miwili, alirudi kutoka bandarini alikokuwa akibeba magunia ya karafuu. Akaamkia, akaitikiwa, akavua shati ili akoge. Alipogeuka kuchota maji, mama yake aliona mgongo wake, na kamba ikamponyoka mikononi.

Mgongo mzima ulikuwa na mistari. Mistari myekundu, mingine imelala hivi, mingine imekatiza juu yake, kama mtu aliyechapwa akageuzwa akachapwa tena.

"Nani kakufanya hivi?" akauliza.

"Hapana kitu, mama. Nimeanguka."

"Mtu akianguka huchubuka, mwanangu. Hapigwi mistari."

Silima akacheka, akajimwagia maji. Akasema ni mambo ya chuoni, yatakwisha yenyewe akishajua kuanguka. Maneno hayo yakazidi kumtia wasiwasi mama yake kuliko alama zenyewe.

Chuo hicho, msomaji, hakikuwa cha Kurani. Kilikuwa chuo cha mieleka, ndani ya ghala kuukuu la mbata huko Funguni. Mwalimu wake aliitwa Fundi Muhiddin, aliyekuwa zamani akitia makaa katika meli za moshi, na huko Bombay akajifunza mieleka ya kulipwa, ile ambayo watu hukata tikiti wakaketi kutazama. Vijana waliotaka kazi hiyo walimwendea yeye, na wengi walimkimbia kabla ya mwezi kumalizika. Sheria yake ilikuwa moja na haina msamaha: siku arubaini mwanafunzi anaanguka tu. Hamshiki mtu, hamkamati mtu. Anaanguka kwa mgongo, kwa ubavu, mbele na nyuma, mpaka magoti yaishe nguvu. Akianguka vibaya anaambiwa kaanguka kama gunia la chumvi, arudie mara hamsini. Akimcheka mwenziwe aliyeanguka, anabeba madebe ya maji kutoka bombani kuwapelekea vikongwe wa mtaa juma zima. Watu wakakiita chuo cha kuanguka, na walikuwa wakicheka sana kwa jina hilo.

Na Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kupendeka. Shingo yake ilikuwa haigeuki. Ukimwita huzungusha mwili mzima ndipo akutazame, na wasiomjua walisema ana kiburi.

Siku ya pili yake Bi Mize alimweleza shoga yake Kidawa, ambaye alikuwa akiuza vitumbua kando ya ghala lile. Kidawa hakustaajabu hata kidogo.

"Nilikuwa sitaki kukuumiza moyo, shoga," akasema. "Lakini kila asubuhi nnawasikia. Pa! Kisha kimya. Pa! Kisha kimya. Na sauti ya yule bwana inasema, tena. Watoto wa watu wanachapwa mle ndani."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, jamani. Mama ana macho, jirani ana masikio, na ghala lina mlango. Hakuna aliyeusukuma akaingia.

Bi Mize alivaa buibui lake akaenda kwa sheha, na sheha akampeleka kwa Mudiri, mtawala wa wilaya. Silima alimsihi mama yake asiende, akaapa kwamba Fundi hajamgusa kwa fimbo. Mama akaona mwanawe anatishwa ndiyo maana anaficha. Mbele ya Mudiri alisema alama zile ni za bakora, na kwamba ameziona kwa macho yake. Fundi akaitwa. Akaulizwa kama anawapiga wanafunzi.

"Nawaangusha," akajibu. "Siwapigi."

Akageuka mwili mzima kumtazama Bi Mize, kisha akageuka tena kwa Mudiri. Kila aliyekuwepo aliona dharau. Mudiri akaamuru ghala lifungwe mpaka baada ya Idi, ndipo ataisikiliza kesi mpaka mwisho wake. Ikithibitika, Fundi hatafundisha tena mahali popote Unguja.

Silima alikuwa amebakiwa na siku tisa kutimiza arubaini zake. Siku mbili alikaa nyumbani. Ya tatu akaja mgeni mlangoni, mtu wa miwani na kofia iliyonyooka, jina lake Borafya, mwandalizi wa michezo ya sikukuu.

"Shikamoo, shangazi," akasema kwa adabu iliyomyeyusha Bi Mize. Akaeleza kwamba amesikia habari za kijana wake. Kwake yeye hakuna maumivu wala alama. "Kwangu hapana kujifunza kuanguka, shangazi. Kwangu vijana wanajifunza kushinda. Simba anafundishwa kuanguka?"

Bi Mize akacheka, akampa mwanawe radhi yake. Hilo kumbukeni, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulisahau mpaka siku ya kufa kwake. Mwezi mzima wa Ramadhani, baada ya futari, Silima alikwenda kwa Borafya pamoja na kijana mwengine, Usi, mkwezi wa minazi wa Bububu, mwenye mabega mapana na moyo wa kitoto. Walifundishwa kunguruma, kupandisha mabega na kupiga vifua. Walishonewa suruali nyekundu zinazong'aa. Kuanguka hakukutajwa.

Idi Pili watu walimiminika Bububu, pale lilipokuwa likiishia garimoshi zamani. Borafya alikuwa ametengeneza jukwaa la mbao juu ya mapipa, na watoto wananunua pipi na vipepeo vya karatasi. Bi Mize na Kidawa walitandika mkeka upande wa wanawake. Bi Mize alikuwa amevaa kanga mpya, na kila aliyepita akamwambia, "Yule wa kulia, mwanangu huyo."

Usi alimkamata Silima kwanza, akamnyanyua juu, akambwaga. Umma ukashika pumzi kwa pamoja. Lakini Silima alipokuwa angali hewani alikunja kidevu kifuani, akajikunja mgongo, na mkono wake ukatangulia kuchapa mbao. Pa! Akasimama kama aliyeteleza kitandani.

Kidawa akamkamata Bi Mize mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sauti hiyo," akanong'ona. "Shoga, ndiyo hiyo niliyokuwa nikiisikia."

Hapo zamu ya Silima ilikuwa imefika. Alimbwaga Usi kama walivyoagana, bila ya hasira, wala hakutumia nguvu kupita kiasi. Naye Usi akafanya anachofanya kila mtu asiyefundishwa: akanyoosha mkono kuizuia ardhi. Sauti iliyotoka mara hii haikuwa pa. Ilikuwa kama kuti bichi linalovunjwa kwa mguu.

Silima akapiga magoti kando yake, akawa analia mbele ya watu wote. Borafya alitafutwa nyuma ya jukwaa hakuonekana. Aliyepanda jukwaani ni mtu aliyekuwa amesimama mwisho kabisa wa umati, mwili wake mzima umeelekea jukwaani. Fundi Muhiddin alivua koti lake, akaufunga mkono wa Usi juu ya kifua kwa kikoi, taratibu kama anayemvika mtoto, akaagiza ubao ung'olewe wambebe juu yake. Kisha akamgeukia Silima.

"Nyamaza. Wewe umeanguka vizuri. Huyu hakufundishwa, na kosa si lako wala si lake."

Msomaji, ndivyo alivyosema, na yalikuwa maneno ya sifa ya kwanza kutoka kinywani mwake kwa mwanafunzi yeyote.

Usi alipona, lakini mkono ulipinda kiwikoni na minazi hakuikwea tena. Maisha yake yote aliuza madafu yaliyoanguliwa na wengine.

Asubuhi ya siku ya tatu ya Idi Bi Mize alikwenda Funguni peke yake. Alimkuta Fundi ameketi juu ya kizingiti cha ghala lililofungwa.

"Nataka kuona mlivyokuwa mkifanya," akamwambia. Hakuweza kumtazama.

Fundi hakumlaumu. Alimwonesha ufa wa ukuta, akamwacha achungulie. Ndani mlikuwa na shimo la upana wa chumba, limejaa makumbi laini, na juu yake kamba zimetandwa hivi na hivi, kama kitanda cha kamba kisicho na godoro. Akaeleza kwa maneno machache. Anayeanguka na mwili mzima kwa wakati mmoja, akachapa kwa mkono, kamba zinampokea wala hazimwachi alama. Anayeanguka kama gunia, kamba zinamwandika mgongoni, na kesho yake anakumbuka bila kukumbushwa. Siku ya arubaini mgongo huwa safi, na hapo tu ndipo anaporuhusiwa kumshika mwenziwe.

"Watu wanalipa kumwona mtu anabwagwa," akasema. "Mimi namfundisha anayebwagwa arudi kwao. Mimi hakuna aliyenifundisha." Akaigusa shingo yake.

Lakini Bi Mize alikuwa hamsikilizi tena. Macho yake yalikuwa kwenye ncha ya kamba iliyokuwa karibu na ufa, iliyofungwa uzi mwekundu wa kanga.

Siku ya kesi watu walijaa. Mudiri akamwambia Bi Mize arudie ushahidi wake kuhusu bakora. Ilikuwa rahisi kukaa kimya, au kusema Silima kamsamehe Fundi yaishe. Angerudi nyumbani na heshima yake. Akasimama, akatoa chini ya buibui kipande cha kamba.

"Bwana Mudiri, nilisema uongo," akasema. "Sikuona bakora. Niliona alama, bakora nikaitia mwenyewe."

Watu wakaguna. Akakunja mkono wa gauni lake, akaizungusha kamba mkononi mara tatu, akaivuta kwa meno mpaka ikazama kwenye ngozi. Alipoifungua, mistari ilikuwa pale, myekundu, na ndani ya kila mstari misokoto midogo midogo, mmoja baada ya mwengine. Akautembeza mkono ule mbele ya meza, kisha mbele ya watu, Kidawa akiwa mmoja wao.

"Hii ndiyo bakora niliyomshitakia mtu huyu. Nimeisokota mimi. Miaka thelathini nasokota kamba, na mistari hii nilikuwa nayo viganjani mwangu tangu utoto, lakini ilipokuwa kwenye mgongo wa mwanangu sikuitambua. Mtu huyu aliyefunza kuanguka kwa ukali ndiye aliyenibakishia mtoto. Yule aliyeniita shangazi kanivunjia mtoto wa mwenzangu. Ukimfunga Fundi, unifunge na mimi."

Mudiri akauliza Fundi ana la kusema. Fundi akageuka, mwili mzima, akamtazama Bi Mize.

"Nasema kamba zake ni nzuri," akajibu. "Ila za mwezi wa Rajabu zilikuwa zimelegea."

Baraza zima likaangua kicheko, na Bi Mize akacheka huku akilia. Ghala likafunguliwa siku ile ile. Silima akaambiwa siku zake thelathini na moja zimefutika kwa kuwa alimshika mwenziwe kabla ya arubaini, aanze tena ya kwanza, naye akaanza bila kunung'unika. Alikuja kuwa mwanamieleka wa kulipwa, akacheza Mombasa na Dar es Salaam miaka kumi na mbili, na akastaafu na shingo inayogeuka. Kila alipolipwa, sehemu ilikwenda Bububu kwa Usi.

Na Bi Mize, mpaka mikono yake ilipozeeka, alikisokotea chuo kile kamba mpya kila mwaka. Hakuzipitisha tena Darajani. Alizipeleka mwenyewe, akaingia ndani, akazivuta moja moja mbele ya Fundi, na Fundi hakukosa hata mwaka mmoja kumwambia kwamba mojawapo imelegea. Alikuwa akirudi nayo nyumbani kuisokota upya, akimwombea dua mtu yule njia nzima.

FUNZO

Ndugu zangu, si kila mkali ni dhalimu. Wapo madhalimu, na mtoto akipigwa usikae kimya, nenda kashitaki. Lakini kabla ya kushitaki, sukuma mlango uingie. Tazama kwa macho yako, muulize mtoto, na akikujibu msadiki mpaka uone kinyume chake. Na anayekujia na maneno ya sukari kwamba mwanao hana haja ya kujifunza kuanguka, muulize yeye atakuwa wapi siku mtoto atakapobwagwa.

Na ukishakosea, lisemee kosa lako palepale ulipolitendea, mbele ya walewale waliokusikia. Tena umshukuru mtu angali hai, asikie. Bi Mize alifanya hivyo, na wanawe na wajukuu zake hawakuona haya kulitaja jina lake.